Damu ya Mtoto wa Miezi Miwili

Siku yangu ya kwanza kazini, maabara ilikuwa hema pale kambini Benaco, na wakimbizi walikuwa bado wanaingia. Mkuu wa Maabara aliielekeza hadubini juani, akaniambia, "Kijana, hapa hakuna 'nadhani'. Ukiona, andika ipo. Usipoona, andika haipo." Nililishika neno hilo kama sala.

Wenyeji nao walitibiwa kwetu. Gaudensia, mkulima wa Bukiriro, alimleta Anselmi, kichanga cha miezi miwili. Mtoto wake wa kwanza alikufa kwa selimundu, ugonjwa unaozikunja chembe nyekundu za damu mfano wa mundu.

"Daktari, na huyu anayo?"

Nilichanganya tone la damu na dawa ya kuinyima hewa, nikasubiri, nikachungulia. Chembe zote duara. Kwenye kadi nikaandika kwa wino mwekundu: HANA. Mama alipiga vigelegele, nami kichwa kikavimba.

Nilikuwa nimehamishiwa hospitali moja wilayani Biharamulo Anselmi alipoletwa, ana mwaka na ushei, vidole vimevimba, macho ya manjano. Mganga wa zamu aliiamini kadi yangu, akatibu malaria. Siku ya tatu damu yake ililetwa kwangu nimtafutie ya kuongezewa. Nikaipima upya. Mundu kila mahali! Nilikimbia wodini, nikakuta wameshamfunika.

Mganga Mfawidhi aliniuliza, "Ulimpima akiwa na umri gani?"

"Miezi miwili."

Akashusha pumzi. "Chembe zinazotengeneza damu zina kiini, na ndani yake mna jeni, maagizo ya urithi. Hayasomwi yote kwa wakati mmoja. Kichanga bado anasoma jeni ya damu ya tumboni mwa mama; ile ya ukubwani, yenye kasoro ya selimundu, imo, imelala. Ikishaamka, kama miezi sita hivi, ndipo mundu huonekana. Ungeandika arudi akitimiza mwaka."

Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Sasa nimestaafu, na najuta. Vijana wa maabara nawaambia kuandika "bado" si aibu.

Majuzi, stendi ya Nyakanazi, nilimkuta Gaudensia akisubiri basi. Alinishika mikono yote miwili. "Daktari, wewe peke yako ndiye uliyewahi kunipa jibu zuri. Mwaka ule nililala usingizi. Basi tu, malaria ikaniibia."

Hakuna aliyemwambia. Nilimbebea mzigo wake mpaka mlangoni mwa basi, nikafungua mdomo.

"Safari njema, mama," nikasema.