Bushi ya Cherehani ya Mama

Alumini ikikatwa kwa kisu butu hutoa harufu ya sufuria iliyosahauliwa motoni mpaka maji yakakauka. Harufu hiyo ilijaa ukumbini kwetu Jang'ombe mwezi mzima wa Ramadhani, mwaka niliotimiza miaka kumi na miwili. Ami Haji, mdogo wa marehemu baba, alikuwa amenunua mashine ndogo ya kukereza, ile inayozungusha chuma kikachongwa kwa kisu, kutoka kwa mgeni aliyekuwa akirudi kwao, akaiweka ukumbini bila ya kumuuliza mama. Alikuwa karani, lakini tangu siku ile alikuwa haitiki mpaka aitwe injinia. Alivaa koti jeupe kama daktari, na hakujua kunoa hata kisu cha kukatia vitunguu.

Mama alikuwa akishona, na bushi ya cherehani yake, ile pete inayokaa ndani ya gurudumu, ilikuwa imelika. Nguo za sikukuu za watu zikarundikana. "Nnakukerezea mpya, shemegi, mjini hutopata mfano wake," alisema Ami. Ya kwanza ilitoka imeparuka kama ulimi wa paka. Ya pili vile vile, na ya tatu. Kila mara alisema alumini ni mbovu. Kisu alikuwa nacho kimoja, kile kile alichokatia chuma, na nchani mwake alumini ilikuwa imegandamana kama uji mkavu kwenye mwiko. Ganda lile ndilo lililokuwa likiparura. Mimi nililiona. Yeye hakuliona, kwa kuwa kuinama kulimshushia hadhi.

"Ami, kisu kimeganda," nilimwambia.

"Mtoto wa kike unajua nini wewe? Nenda kakune nazi."

Akachukua msasa, akasugua, akapaka dawa ya meno mpaka bushi ikametameta. Kumbe msasa ulikuwa umeila upande mmoja. Mama alipoanza kushona, gurudumu liliyumba, sindano ikavunjika ndani ya gauni la mteja na kulichana. Mama aliokota vipande vya sindano, kisha akaliweka lile gauni mapajani, akatafuta uzi wa rangi yake. Hapo ndipo nilipoanza kumdharau Ami kwa dhati.

Ijumaa, alipokwenda msikitini, nilifunga mlango wa ukumbi. Nilikikwangua kisu, nikakinoa kwenye noo ya jikoni mpaka kikanyoa malaika, vile vinyweleo laini vya mkononi. Nikaizungusha mashine kwa kasi ambayo yeye hakuithubutu, huku nikidondosha mafuta ya taa. Kabla ya hapo, siku moja Ami aliyamwaga kwa bahati mbaya, na pale tu yalipoangukia ndipo palipotoka laini, naye akayalaani. Nilikata kidogo kidogo, nikisimama kujaribu kama bushi inaingia kwenye gurudumu la cherehani. Mkato wa mwisho niliufanya mwembamba sana, nikakisogeza kisu polepole bila ya kusita. Bushi ikang'aa yenyewe, ukipitisha ukucha haukwami popote.

Mama aliitia cherehanini, akashona upindo mzima. Machozi yalimlenga. "Mwachie ami yako sifa, mwanangu," alisema. "Ataona haya." Akaichomoa, akaiacha juu ya mashine, na baada ya futari Ami aliipeleka barazani. Nikiwa nyuma ya mlango nilimsikia akiwaambia majirani, "Mnaona? Kazi ya mkono huu." Nikarudi jikoni kuosha vyombo vya futari.

Leo nna karakana yangu Mpendae. Vijana huja na vipande walivyovipiga picha za simu kabla hata ya kuvipima, nami huwarudishia wakavipime kwanza. Mwezi uliopita Ami, mzee sasa, alikuja na mgeni. "Huyu nimemfundisha mimi," alimwambia.

"Shikamoo, Ami," nikasema.

"Marahaba."

Kisha nikamgeukia mgeni. "Si kweli. Hakunifundisha."

Ami aliondoka amenuna. Mama alinipigia simu kunikemea, akasema nna moyo mgumu. Huenda. Lakini wasichana wawili ninaowafundisha walikuwa wamesimama pale wanasikiliza, na sikutaka wakue wakidhani kwamba heshima ni kumwachia mtu mwingine sifa ya kazi ya mikono yao.