Ufaransa Tuliyoichora kwa Majivu

Sisi tuliosoma Ifakara kabla dunia haijahamia kwenye simu, Ufaransa tuliijua kwa majivu. Madamu Imakulata, mwalimu wetu wa Kifaransa, mzaliwa wa Kigoma, alitufagisha uwanja nyuma ya darasa, akachora kwa majivu ya jikoni nchi ya pembe sita, kila mmoja akapewa jimbo lake, alisome na kuwasimulia wenzake. Ukikanyaga jimbo la mwenzio bila kumsalimia "bonjuu", unarudishwa mpakani.

Rafiki yangu Skola alipewa Bretani. Akatusimulia kwamba zamani watoto wa huko walivishwa kitu shingoni wakikutwa shuleni wanasema lugha ya nyumbani. Tulicheka hadi machozi, maana nasi tulivishwa kibao shingoni tukikutwa tunasema Kindamba au Kipogoro, lugha za kwetu. Kisha kicheko kikakatika chenyewe. Hatukuwa tukijua kwamba Mzungu naye aliwahi kuadhibiwa kwa lugha ya mama yake.

Mimi nilipewa Kamargi, kusini, Mto Roni unapoingia baharini. Nilinuna. Nilitaka Paris.

Nyumbani Lipangalala, baba alikuwa ameshaamua. "Ukiingia kidato cha tatu, Kifaransa basi. Chukua kilimo. Kifaransa kitapalilia mpunga?" Hakuwa mkali, ila shamba lilikuwa moja na sisi watoto tele. Jioni moja, akiwa ananoa jembe, nikajipa moyo.

"Baba, Kamargi wanalima mpunga."

"Akina nani?"

"Wafaransa. Bondeni, kwenye maji. Wana mbu kama sisi. Na wafugaji wao wanachunga ng'ombe weusi kwa farasi weupe."

Jembe likanyamaza. "Mpunga ukianza kuiva, ndege hawausumbui?"

"Sijui, baba."

"Sasa unasoma nini? Kaulize."

Madamu naye hakujua, ikabidi atafute. Alirudi na jibu kwamba kule kuna heroe, ndege wa rangi ya waridi wenye miguu mirefu, wanashuka mashambani na kukanyaga mpunga mchanga, na wakulima wanawafukuza kwa milio ya baruti. Baba, ambaye alikuwa akigonga madebe tangu utotoni kufukuza kwelea, alipiga paja. "Kumbe nao wanaamia ndege!"

Habari ya kuacha Kifaransa haikutajwa tena. Kila nikirudi kutoka shule ananiuliza, "Leo Kamargi wanasemaje?" Mama akawa analalamika kwa majirani: "Mume wangu amehamia Ufaransa, hapa anakuja kula tu."

Baba amekwisha kutangulia mbele ya haki, na Ufaransa sijafika hadi leo. Mwanangu anajua mnara wao na majina ya wachezaji wao wote. Juzi nikamwomba anitafutie Kamargi kwenye simu yake. Kufumba na kufumbua, mpunga huo, farasi hao, na mzee mmoja kasimama majini, suruali imekunjwa magotini. Nikasogea nimwangalie vizuri, lakini kidole cha mwanangu kilikuwa kimeshapita, tuko kwenye vichekesho.

Angekuwepo baba, angemshika mkono. "Ngoja kwanza, mjukuu wangu. Huyo mzee anaitwa nani?"