Somo la Kila Mtu

Evelina Chenge alifagia korido za chuo kile cha mlimani, upande wa Ilemela, kwa miaka kumi na mmoja kabla mtu yeyote hajamuuliza anajua nini. Alikuwa ameishia darasa la saba huko Sengerema. Alisoma taratibu, kidole kikitembea chini ya mstari, lakini alichokisoma hakikumtoka. Na kazi yenyewe ilimlazimu kusoma, maana yeye ndiye aliyebandua karatasi zilizopitwa na wakati kwenye mbao za matangazo, na aliogopa mno asije akabandua iliyo hai.

Ndivyo alivyojua kwamba kila mwanafunzi, awe wa sheria, wa biashara au wa takwimu, alikuwa na masomo mawili yasiyokwepeka: Stadi za Mawasiliano na Taaluma za Maendeleo. Wanafunzi waliyaita masomo ya kujazia. Evelina hakuyadharau. Mwaka mmoja alimkuta kijana aitwaye Antoni amekaa sakafuni mbele ya orodha ya wahitimu, joho la kukodi liko mapajani. Ndugu zake walikuwa wameshafika kutoka Kwimba, ng'ombe ameshachinjwa, na jina lake halipo. Alikosa somo moja tu la mwaka wa kwanza, tena katika yale mawili. Evelina alipiga deki kumzunguka. Tangu siku hiyo, kila alipomwona binti yake Hellen akienda darasani, alimkumbuka Antoni.

Hellen alisoma takwimu chuoni hapohapo, na sasa alikuwa ameingia mwaka wa tatu, ndio wa mwisho. Jumatano moja, wiki ya pili ya muhula, alirudi nyumbani Nyakato na karatasi ya matokeo yake yote ya miaka miwili, apate kuombea kibarua cha mwisho wa wiki. Aliiweka mezani, akaenda kuanua nguo. Mama yake akafuta mikono, akaishika.

Alama zilikuwa nzuri. Evelina hakuziangalia sana. Alishuka na kidole mpaka chini, akapanda nacho, akashuka tena.

"Hellen. Taaluma za Maendeleo naiona. Stadi za Mawasiliano iko wapi?"

"Hiyo ni ya watu wa lugha, mama."

"Ni ya kila mtu."

"Sisi hatukuisoma, darasa zima. Maige alitutumia orodha yake kwenye simu siku ya kwanza, tukajaza vilevile." Maige ndiye aliyekuwa kiongozi wa darasa lao, amewazidi umri kidogo, na walimwamini kuliko ubao wowote wa matangazo. "Sasa mama, watu thelathini na wawili tumekosea wote, wewe peke yako ndiye umepata?"

"Sijasema mmekosea. Nauliza iko wapi."

"Utaniaibisha, mama."

Neno hilo lilimchoma, kwa sababu ndilo aliloliogopa hata yeye. Angeweza kwenda ofisini akaambiwa arudi kwenye ndoo zake, na mtoto akachekwa mpaka siku ya mwisho. Lakini usajili ulikuwa unafungwa Ijumaa saa kumi, na somo lile lilifundishwa muhula wa kwanza tu. Likimpita, Hellen asingehitimu. Angekaa mwaka mzima zaidi kwa ajili ya somo moja.

Alhamisi Evelina aliwahi kumaliza korido zake. Akavua koti lake la bluu la kazi, akaliacha stoo, akagonga mlango wa ofisi ya usajili. Aliyekaa pale alikuwa Farzana, binti wa wenye duka la vitambaa mjini.

"Shikamoo, mama Hellen. Leo huna fagio, kuna usalama?"

"Marahaba, mwanangu. Usalama upo. Naomba uniangalizie kitu. Nikiwa nimekosea, nicheke humuhumu ndani, usitoke nacho nje."

Farzana alicheka, akapokea karatasi ya Hellen na kusikiliza habari yote. Akaigeukia kompyuta, akaanza na jina la Maige.

"Huyu amesamehewa. Alikuja na stashahada, somo hili alishalifaulu huko alikotoka. Ndiyo maana halimo kwenye orodha yake." Akaandika jina la Hellen. Akaandika la mwingine, kisha la mwingine. "Huyu hajasamehewa. Wala huyu. Wala huyu." Akavua miwani. "Mama Hellen, hawa wote wamenakili ya mtu mmoja."

"Wangapi?"

"Thelathini na mmoja."

Evelina akaketi bila kukaribishwa. Alikuwa amekuja kwa ajili ya mmoja.

"Na kompyuta haikuwaambia?"

"Ingewaambia siku ya kuhakiki wahitimu."

"Basi tusiwasubirie huko."

Kabla ya saa sita tangazo lenye majina yote thelathini na moja lilikuwa limeshapigwa mhuri, na Farzana alimkabidhi Evelina mwenyewe akalibandike. Alivaa koti lake, akalibandika usawa wa macho. Wanafunzi wa takwimu wakaanza kujaa, na kelele zao zikapungua kadiri walivyosoma. Maige alifika akihema.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye niliyewaponza hawa."

"Marahaba. Wewe ulijaza yako, wao wakaona uvivu kujaza zao. Watafute ambao hawapo, kesho saa kumi si mbali."

"Kiongozi, kuanzia leo tunanakili kwa mama," mmoja akasema nyuma, na wote wakacheka, Maige naye akacheka.

Hellen alisubiri wenzake wapungue ndipo akasogea. "Nilisema utaniaibisha."

"Ulisema."

"Nisamehe, mama."

"Umeshajaza?"

"Bado."

"Basi msamaha utasubiri. Nenda."

Wa mwisho kupatikana alikuwa Ukerewe kwenye msiba. Maige alimpigia mpaka akampata, naye yule akajaza kwa simu ikiwa imebaki nusu saa. Muhula ule watu wazima hao walikaa darasa moja na mwaka wa kwanza, wakiitwa bibi na babu. Walijifunza kuandika barua rasmi na kusimama mbele ya watu kuzungumza. Zamu yake ilipofika, Hellen alieleza dakika kumi jinsi orodha moja ilivyolipotosha darasa zima, na akapata alama ya juu kuliko zote. Hakuna aliyefeli.

Siku ya mahafali Evelina alikaa na wazazi, amevaa kitenge kipya, mikono imeshikana magotini. Hata hapo hakuamini mpaka aliposikia jina. Hellen Chenge, shahada ya takwimu. Akasimama, akapiga vigelegele mpaka sauti ikakwaruza, na binti yake akapita jukwaani akicheka waziwazi, akimpungia mkono.

Likaitwa jina lililofuata, Evelina akapiga tena, na kwa lililofuata hilo vilevile. Mama aliyekaa kando yake akamvuta kitenge.

"Mwenzangu, wako si ameshapita?"

"Ameshapita," Evelina akasema, bado amesimama. "Hawa bado."