Jicho Jekundu Harusini

Nakumbuka, mwanangu, likizo moja niliyokuja Mji wa Kale nikiwa rubani mpya wa jeshi, najiona hakuna mfano wangu. Kumbe nilikuwa na siri. Macho yalikuwa yameanza kunipungua nguvu, na daktari wa kikosi akaniandikia miwani. Nikaona haya kuivaa. Nikajinunulia lenzi, zile laini za kuvaa juu ya mboni, wala sikumwambia mtu.

Nilifikia kwa shangazi yangu, Bi Rukia, muuguzi mstaafu. Jioni, lenzi moja ikaniponyoka uani. Nikaiokota, nikaisuuza kwa maji ya kisima, nikairudisha jichoni, na nikalala nayo.

Asubuhi ilikuwa harusi ya binamu yangu. Jicho jekundu, machozi yatiririka. Wageni wakadhani nalia kwa furaha. Bibi mmoja akanipa leso na kuniombea nami nipate mchumba! Lakini shangazi akanivuta kando.

"Umetia nini jichoni?"

"Vumbi tu, shangazi."

"Mie macho ya watu nimeyatibu miaka mingi. Sema kweli."

Nikasema yote. Akauliza, "Na Jumatatu wafanya nini?"

"Narusha ndege. Nachukua askari kumi na wawili."

"Hao kumi na wawili umewauliza kama wako radhi kurushwa na jicho moja?"

Tukaenda hospitali moja kwa moja, mimi na kanzu yangu ya harusi. Daktari akaniambia ningechelewa siku mbili zaidi, jicho ningelipoteza. Pale pale nikampigia simu mkuu wangu, nikamweleza yote.

"Umekosa, na adhabu utaipata," akasema. "Lakini umesema kabla hujapaa. Pona, kisha urudi."

Wiki sita nilipanga mafaili ofisini huku wenzangu wakiruka. Nikarudi angani na miwani, na hakuna aliyecheka ila shangazi, aliyesema nafanana na mwalimu wa hesabu. Baadaye daktari wa kikosi mwenyewe akaniruhusu lenzi, kwa masharti yake.

Basi mwanangu, ukiwa rubani, usimfiche daktari macho yako, kwani kuna watu wanaoyategemea. Lenzi usizisuuze kwa maji ya kisima wala ya bomba, usilale nazo, na upaapo uwe na miwani ya akiba mfukoni. Na ukikosea, sema mapema, ungali chini.

Mola akupandishe salama na akushushe salama, na akubakishie nuru ya macho yako hadi uwaone wajukuu. Amin.