Bahasha za Kambale

Jumamosi moja, kabla hatujajua kwamba vita viko njiani, baba alinirudishia bahasha ileile mara tatu.

Alikuwa karani mstaafu wa ofisi ya serikali, na nyumbani kwetu Saio, hapa Bunia, barua haikutoka mlangoni bila yeye kukagua bahasha. Alitaka jina la anayeandikiwa, jina la baba yake, jina la mama yake, kijiji cha asili na eneo lake, yote kwa herufi zilizonyooka. Haidhuru barua ilikuwa inakwenda kwa kaka yangu mkubwa Faustin, Yaya kama tunavyoita kwetu, aliyekuwa ananunua mchele Niania, mji mdogo wa barabarani ambako hata mbwa walimjua.

"Papa, kule kila mutu anajua Yaya Faustin," nilimwambia.

"Barua yenye haina asili ni ya mwizi. Andika tena."

Nikaandika tena. Nilikuwa na miaka kumi na minane, mama alikuwa ameshafariki, na mimi ndiye niliyebaki kuvumilia sheria zake. Moyoni nilimcheka, lakini mkono ulizoea. Usiku huohuo niliandika kwenye daftari langu kwamba baba angeweza kuomba cheti cha kuzaliwa hata kwa kuku.

Miezi michache baadaye jina la kijiji likawa jambo la kufa na kupona. Nani alimchokoza nani, wengine watawaeleza. Mimi nina daftari tu. Kwenye vizuizi vya barabarani, ambavyo sisi tunaviita bariere, vijana wenye bunduki walikuuliza baba yako ni nani na anatoka wapi, na jibu lako lilikuhesabu huku au kule. Magari yaliacha kwenda Komanda. Barua zikaangukia mikononi mwa watu ambao hawakuwa wa huku wala wa kule.

Kwetu mtu huyo alikuwa Kambale. Watu wake walitoka Butembo, na yeye aliuza vitunguu. Alipakia magunia kwenye baiskeli na kuisukuma kwa miguu kati ya Bunia na Komanda. Barua zetu alizifikisha Komanda, na kutoka hapo shemeji yake aliyekuwa dereva alizipeleka Niania. Majibu yalirudi kwa njia hiyohiyo.

"Mi ni posta ya miguu," alikuwa akisema. "Sina tembre ya kubandika kwa barua, niko na jasho tu."

Siku moja alishika bahasha yangu, akaisoma taratibu, tabasamu likapungua. "Furaha, jina fupi inatosha. Ile ingine yote niko najua."

Baba alimsikia kutoka kwenye kiti chake. "Kambale, barua ni ya kupeleka, hapana ya kufundisha."

Kambale akacheka, akaipokea kwa mikono miwili kama anavyopokea mtu mwenye adabu, akaondoka. Ndivyo ilivyokuwa kila safari. Yeye aliomba jina fupi, baba alikataa, na mimi niliandika yote.

Safari ya mwisho baba alikuwa kitandani na homa ya malaria. Hakuna aliyenisimamia. Ningeweza kuandika "Faustin" basi. Nikaandika kila kitu, mpaka kijiji cha babu, kwa mwandiko wangu mzuri, na hata leo siwezi kusema ni kwa nini. Daftari la siku hiyo lina mistari miwili: "Kambale ameenda. Bahasha imetoka vizuri."

Siku ya tatu mama mmoja aliyetoka upande wa Komanda alituletea habari kisimani.

Kambale alisimamishwa.

Walimpekua.

Walikuta karatasi.

Baiskeli ilibaki kando ya barabara na vitunguu vyake. Yeye walimwingiza kwenye majani, na aliyesimulia alisikia mlio mmoja.

Niliacha ndoo palepale. Njia nzima niliona jina la kijiji chetu kwa herufi zangu zilizonyooka.

Wiki hiyo vita viliingia Saio. Nilimshika baba mkono, nikachukua godoro na daftari, tukakimbilia uwanja wa ndege pamoja na maelfu ya watu. Tulipanga mawe matatu, tukaishi chini ya turubai, na tuliporudi nyumba haikuwa na mabati. Baba aliishi miaka mingine mingi. Sikuwahi kumwambia ninachofikiri juu ya bahasha ile. Niliogopa angesema ni kosa lake, na zaidi niliogopa angesema ni langu.

Sasa mimi ni mwalimu, na nina mvi ambazo wanafunzi wangu wanadhani sizioni. Faustin alirudi kabisa kutoka Niania mwaka jana. Alikuja na mkebe wa biskuti uliojaa barua zetu zote zilizomfikia. Hakutupa hata moja. Kuuliza si ujinga, nikajiambia, na likizo nzima nilitandaza barua mezani, kila moja kando ya siku yake katika daftari.

Nilicheka zaidi ya nilivyolia. Siku ambayo daftari linasema tumekula sombe, yaani kisamvu, bila chumvi kwa siku nne, barua inasema, "Chakula kiko, usijali." Naye siku ambazo daftari linasema ameandika kwamba biashara inaendelea vizuri, ameniambia sasa kwamba alikuwa anafua nguo za madereva ili apate kula. Tulidanganyana kwa upendo, kila mmoja akimwamini mwenzake. Nilitaka kujua uongo ulianza wapi, kwa hiyo nilipanga karatasi upya, na hapo nikagundua kwamba kuna kitu hakipo.

"Yaya, maanvelope umeweka wapi?"

"Anvelope gani?"

"Za hizi barua. Papa alikuwa ananirudishia mara tatu."

Faustin alinitazama kana kwamba nimechanganyikiwa. "Mi sijaona hata moja. Zilikuwa zinafika karatasi tu, zimekunjwa."

Wiki iliyofuata nilimtafuta mjane wa Kambale. Haikuwa kazi kubwa. Mama Masika anauza vitunguu sokoni, na nimenunua kwake miaka mingi bila kuthubutu kujitambulisha. Nilijitambulisha. Alinipeleka kwake, akanipa kiti, nami nikamuuliza habari za bahasha.

"Alikuwa anaziacha hapa," alisema. "Zote. Kila safari, anatoa karatasi, anaacha anvelope chini ya godoro. Anasema, jina niko nabeba mu kichwa."

Nyingi aliwashia moto wakati kuni zilipokosekana, na hakunificha. Zilibaki chache ndani ya Biblia yake. Ya tatu ilikuwa yangu, ya siku ile. Jina, baba, mama, kijiji, eneo. Imefunguliwa kwa kisu, kwa uangalifu, isichanike.

Haikuwa bahasha iliyomuua. Zaidi ya miaka ishirini nimebeba kitu ambacho hakikuwahi kutoka chumbani mwa Kambale. Nilifurahi, na ninaona aibu kusema nilifurahi vipi, mbele ya mwanamke aliyekaa ananitazama.

Kisha fikra nyingine ikaja. Walikuta karatasi, na karatasi ile ilikuwa yangu, bila jina la mwenyewe wala la mwandikiwa. Huenda barua isiyo na mwenyewe iliwatisha kuliko jina lolote. Huenda hawakuisoma kabisa. Waliojua hawapo, au wapo na hawatasema.

"Furaha," Mama Masika alisema. "Mi pia niko na swali. Miaka yote hii najiuliza. Ile barua alikufia ilikuwa inasema nini?"

Sikuhitaji daftari. Nilimwambia neno kwa neno. Kwamba tunamsalimu Yaya sana. Kwamba Papa ana homa lakini jana amekunywa uji. Asante kwa sabuni. Avae koti, tunasikia huko mvua ni nyingi. Mbuzi wetu amezaa mapacha.

Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Ni ile tu?"

"Ni ile tu, mama."

Aliikunjua na kuikunja kanga yake magotini. Kisha akauliza kama wale watoto wa mbuzi walipona.

Nikamwambia sijui. Tuliwaacha tulipokimbia.