Pini ndani ya draya mpya

Jamani, leo nusura pini ya nywele initoe kazini.

Bosi wangu, Mama Adhiambo, anafungua saluni mjini. Alinituma kwenye duka moja la Parklands kukagua seti nzima aliyotaka kununua: viti, sinki, vioo na draya mbili za kukaushia nywele. Akanionya, "Karani, ukiniletea vitu vilivyotumika, usirudi."

Mzee mwenye duka alikuwa na haraka mno.

"Iko mpya kabisa, bwana. Pakia tu."

Mtu mwenye haraka hivyo anaficha kitu, sivyo?

Nikafunua nailoni. Draya moja ilikuwa bado na joto.

Ndani yake, pini.

"Mzee, hii imetumika!"

Akatazama chini. "Leo asubuhi tu. Binti yangu anaolewa. Mama yake alisema draya ziko dukani, kwa nini aende saluni?"

Hadithi tamu. Sikuamini hata neno moja.

Nikatoa simu, nikampigia Mama Adhiambo na kumweleza yote. Akauliza, "Na nywele zimetokaje? Nenda ukaziangalie. Zikiwa nzuri, pakia."

Mimi? Bibi harusi wa watu?

Mzee akanipeleka nyumbani kwake, nyuma ya duka. Wanawake walijaa chumbani, na wote wakanigeukia. Bibi harusi akageuza kichwa polepole. Nywele ziling'aa, kila unywele mahali pake.

"Zimekauka vizuri," nikasema.

Nyanya yake akanikazia macho. "Sasa unachukua draya tu, ama na bibi harusi pia?"

Chumba kizima kikaangua kicheko.

"Draya tu, nyanya."

Nyinyi mngejibuje?