Nyumba Bila Udongo Wake

Juzi katika stesheni ya Ruiru nilimwona mwanamume akishuka kwenye treni ya Nairobi, akirudi kutoka Mombasa, anakofanya kazi bandarini. Mkewe alikuwa akimngoja, mikono kifuani.

"Baba watoto, umeinunua ile nyumba ya Mombasa, tuhamie?"

"Ni nzuri, mama. Ukisimama mlangoni unaona mashua zikipita. Lakini wanauza nyumba peke yake. Ardhi ina mwenyewe, unamlipa kodi kila mwezi."

"Nyumba yetu, udongo wa mtu? Akitufukuza tutaibeba mgongoni kama kuni?"

"Hata mimi niliuliza hivyo. Muuzaji akacheka, akasema wengi huko wanaishi hivyo."

"Wee! Umeinunua ama hukuinunua?"

"Sikuinunua."

Mama akaketi juu ya sanduku la mumewe, akacheka hadi akajifuta macho kwa leso. "Ngai, Mungu wangu! Na vile nimeshaaga kanisa lote!"

Mimi siwacheki watu wa Mombasa. Wanaoana na kulea wajukuu katika nyumba hizo. Mmoja wao akitutembelea wakati wa mvua, huenda naye akashangaa tunavyolala usingizi mzito chini ya paa linalovuja, mradi tu udongo ni wetu.